Sasambua kwanza, kabati baadaye: S tano za hospitali ndani ya nyumba ya vyumba viwili

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Uzi huu nimeuandika kwa ajili ya wale wanaoishi katika nyumba ndogo za kupanga, chumba na sebule au vyumba viwili, ambao hufanya usafi mkubwa mwishoni mwa wiki na kukuta siku chache baadaye makorokoro yamerudi palepale. Hoja yangu ni kwamba nyumba nyingi zina vyombo vya kutosha vya kuhifadhia vitu, ila kinachokosekana ni uamuzi: kipi kinabaki, kinakaa wapi, na kipi kinaondoka kwa njia gani. Anayenunua kabati kabla ya kufanya uamuzi huo amejiongezea sehemu ya kuficha mlundikano, na kabati lenyewe limeshachukua nafasi ya mtu kupita.

Mimi ni muuguzi, na njia nitakayoieleza nimejifunza kazini. Wenzangu wa hospitali za serikali nchini Tanzania wanaifahamu kwa jina la S tano. Asili yake ni viwanda vya Japani, ambako hatua zake huitwa seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Hospitali ya wanawake ya Castle Street iliyopo Colombo, Sri Lanka, iliitoa viwandani na kuiingiza wodini, na mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, nchi nane za Afrika zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kujifunza kutoka huko. Kwa upande wa Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ndiyo iliyotangulia. Kwa Kiswahili hatua hizo tano ni Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Nimeona wodi zenye msongamano mkubwa wa wagonjwa zikipata nafasi ya kupitisha machela kwa hatua hizi, bila kuongezewa hata chumba kimoja, na ndiyo maana ninaamini kwamba nyumba ya vyumba viwili nayo inaweza.

Nitakaa zaidi kwenye Sasambua, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu tunaporuka.

Kusasambua ni kutoa kila kitu kutoka sehemu moja na kukitenga kwa makundi matatu: kinachotumika, kisichotumika, na kile ambacho huna uhakika nacho. Nasisitiza sehemu moja. Anayetoa vitu vya nyumba nzima kwa siku moja atafikiwa na jioni vitanda vikiwa vimefunikwa, watoto wanataka kulala, naye atarudisha kila kitu kwa haraka kuliko alivyokitoa. Anza na droo moja, au rafu ya chini ya jikoni, au uvungu wa kitanda, kisha maliza kabisa kabla ya kwenda kwingine. Jikoni ni pazuri pa kuanzia kwa sababu vitu vyake havitugusi sana moyoni. Huko utakutana na vifuniko visivyo na makopo, makopo yasiyo na vifuniko, hotipoti isiyotunza tena joto, sufuria iliyotoboka, na lundo la mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mifuko mbadala imekuwa ikiingia nyumbani karibu kila tunapokwenda sokoni, kwa kuwa tunatoka bila mfuko na kununua mwingine. Bakisha ile inayotosha ndani ya mfuko mmoja mkubwa, utundike huo nyuma ya mlango mahali ambapo anayetoka ataugusa kwa mkono, na mingine uipe genge la jirani anayeuza mboga.

Kundi la tatu, la vitu usivyo na uhakika navyo, ndilo linalokwamisha watu wengi. Viwandani na hospitalini kitu cha aina hiyo hufungwa kadi nyekundu yenye tarehe na kupelekwa eneo maalumu, na muda uliowekwa ukipita bila mtu kukihitaji, kinaondolewa. Nyumbani chukua boksi moja, andika tarehe juu yake kwa kalamu nene, na uweke humo vitu hivyo. Nashauri muda wa kusubiri ujumuishe angalau msimu mmoja wa mvua na kipindi kimoja cha baridi, kwa kuwa kuna vitu kama makoti ya mvua na mablanketi mazito ambavyo mwezi wa Januari vinaonekana havina kazi, lakini masika yakiingia mwezi Machi kila mtu anavitafuta.

Kitu kisichotumika lazima kiwe na mlango wa kutokea unaojulikana, la sivyo kitahama kutoka chumbani kwenda barazani na safari yake itaishia hapo. Vyuma, nyaya na sufuria zilizotoboka zina wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mitaani na mizani. Chupa za plastiki nazo hununuliwa kwa kilo. Nguo nzima zinaweza kwenda msikitini, kanisani, kwenye kituo cha kulea watoto au kwa ndugu. Naomba hapa tuheshimiane: nguo iliyochanika au viatu vilivyobanduka soli si zawadi ya kumpelekea shangazi kijijini. Nguo ya pamba iliyochakaa ikatwe iwe tambara la kudekia, na isiyofaa hata kwa deki iende kwenye taka.

Usisahau uani. Makopo ya rangi, matairi, ndoo zilizopasuka na vifuu vya nazi vikikaa nje hukusanya maji, na mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga mayai kwenye kuta za vyombo kama hivyo. Mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, kisha mvua ikinyesha yakaanguliwa, na katika joto la pwani mbu kamili hupatikana ndani ya takribani siku nane hadi kumi. Wakazi wa Dar es Salaam tunakumbuka mlipuko wa mwaka 2014 na ule wa 2019. Kwa hiyo kopo tupu lililoachwa nyuma ya nyumba linahusu afya ya mtaa mzima.

Baada ya hapo ndipo inakuja Seti, yaani kukipa kila kilichobaki makazi yake. Kanuni tunayoitumia stoo ya wodi ni kwamba kinachotumika kila siku kikae kati ya kiuno na mabega, kizito kikae chini, na chepesi kinachotumika mara chache kikae juu. Kanuni ya pili ni kukiweka kitu karibu na kazi yake. Kama watoto wanafanyia kazi za shule kwenye meza ya chakula, kalamu na daftari zikae hatua moja kutoka kwenye meza hiyo, hata kama chumbani kuna rafu nzuri zaidi. Ukiona kitu kinaachwa mahali fulani kila siku, hapo ndipo panapotakiwa kuwa na ndoano, kapu au kibao cha kukipokea.

Tutumie kuta. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa vyumba vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, lakini za wenye uwezo zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa kwa safu katika ukuta, ambamo vyombo vya thamani vilipangwa bila kugusa sakafu. Mpangaji hana ruhusa ya kuchonga ukuta wa mwenye nyumba, ila rafu ya mbao yenye miguu, iliyo nyembamba na ndefu kwenda juu, inafanya kazi hiyohiyo na utaondoka nayo siku ya kuhama.

Chakula kikavu kipangwe kama dawa zinavyopangwa bohari: kinachoisha muda mapema kikae mbele. Unga mpya usimiminwe juu ya wa zamani. Maliza wa zamani, osha kopo, likauke kabisa juani, ndipo umimine mpya, kwa kuwa fukusi wachache waliobaki chini hutosha kuharibu mfuko mzima. Mtungi wa gesi usimame wima mahali penye hewa. Usiufungie kabatini, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Dawa zikae mahali pakavu pasipo na joto, juu kusikofikiwa na mtoto, kwa hiyo bafuni na kando ya jiko hapafai. Mafuta ya taa na dawa za kuua wadudu zisiwekwe kamwe kwenye chupa za soda au za maji. Sisi wa hospitalini tunawapokea watoto waliokunywa mafuta ya taa wakidhani ni maji, na kwa mtoto hatari kubwa ya mafuta hayo ni kuingia kwenye mapafu. Ikitokea, msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Nyaraka zinastahili begi moja lisilopenya maji: vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kitambulisho cha taifa, kadi za kliniki, mkataba wa pango, risiti za vitu vikubwa. Begi hilo likae juu, karibu na mlango, na watu wazima wote wa nyumba wajue lilipo. Wanaoishi mabondeni hawahitaji kuelezwa sababu.

Safisha na Sanifisha nitazipitia kwa haraka. Ukweli ni kwamba nyumba iliyosasambuliwa husafishika kwa nusu ya nguvu, kwa sababu fagio linapita bila kusogeza kitu. Kwa sisi wa pwani naongeza kuhusu ukungu: kabati liachwe nafasi ya kiganja kutoka ukutani, nguo zikauke vizuri kabla ya kukunjwa, na milango ya kabati ifunguliwe mara kwa mara siku za jua. Kusanifisha ni kuweka viwango vinavyoeleweka na wote. Kwa mfano, shuka ni jozi mbili au tatu kwa kila kitanda, vikombe vya kila siku ni idadi ya wakazi pamoja na wageni wachache, na kiatu kipya kikiingia kimoja cha zamani kinatoka.

Shikilia ndiyo ngumu kuliko zote. Hospitali zilizofaulu ni zile ambazo daktari, muuguzi na mhudumu wa usafi wote walikagua eneo lao, na zilizoshindwa ni zile zilizomwachia kazi mtu mmoja. Nyumbani huyo mtu mmoja kwa kawaida ni mama au dada wa kazi, na sioni kama ni haki. Mtu aliyepangwa kupanga vitu vya watu sita ambao kila mmoja anavitupa anapotaka hawezi kushinda, hata akiamka alfajiri. Kila mwenye umri wa kubeba kitu chake awe na umri wa kukirudisha. Kwa ukaguzi, tumieni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi wa mazingira Tanzania; mkitoka kufyeka na kuzibua mitaro, ingieni ndani mfungue lile boksi lenye tarehe.

Karibuni kwa maswali na hoja, hata za kupinga.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo, lakini naona yamemlenga mtu mwenye uwezo. Sisi tuliokulia katika uhaba tulifundishwa kwamba kitu hakitupwi, kwa kuwa siku ukikihitaji hutakuwa na fedha ya kukinunua. Mama yangu alitunza kila msumari na kila kipande cha kitenge, na vipande hivyo vilitutoa katika matatizo mengi. Je, hatuoni kwamba tunaiga maisha ya watu ambao wakitupa leo wananunua kesho?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na naikubali kwa sehemu kubwa. Mama aliyetunza misumari alijua ilipo na alijua ataitumia kwa kazi gani, kwa hiyo kwake ilikuwa akiba. Ninachokipinga ni ile misumari iliyomo katika mikebe minne tofauti, ambayo siku rafu ikilegea hakuna anayeiona na mtu anatumwa dukani kununua mingine. Mwenye kipato kidogo ndiye anayeumizwa zaidi na jambo hilo, kwa sababu anakilipia kitu mara mbili. Zaidi ya hayo, nafasi yenyewe inalipiwa. Wengi wetu tunalipa kodi ya nyumba miezi kadhaa kwa mkupuo, na kona iliyojaa televisheni mbovu na feni zisizozunguka ni sehemu ya kodi hiyo. Kwa hiyo tunza misumari, tunza vitambaa, ila viwe mahali pamoja, katika chombo kinachoonyesha kilichomo ndani, na chombo kikijaa usiongeze kingine kabla ya kutumia vilivyopo.

Mchangiaji wa pili

Naomba ushauri, dada. Mume wangu ni fundi wa redio na simu, na hukusanya vifaa vibovu nyumbani kwa ajili ya vipuri. Vimejaa chini ya kitanda, juu ya kabati na sasa vimefika sebuleni. Nikigusa tunagombana, kwa kuwa anasema ndiyo mtaji wake. Watoto wawili wadogo wanavichezea.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, usivitoe wakati hayupo. Amesema kweli kwamba ni mtaji, na mtu akishapoteza kipuri alichokuwa akikitegemea hatakubali tena mazungumzo ya kupanga nyumba. Zungumza naye kuhusu eneo badala ya kuhusu vitu: kona moja, au rafu moja yenye pazia, iwe yake kabisa, apange anavyotaka na asiulizwe, ila kifaa chochote kisivuke eneo hilo. Rafu ikijaa, yeye mwenyewe ndiye atakayechagua kipi kinang'olewa vipuri na gamba lake kwenda kwa mnunuzi wa chakavu, na kwa kawaida gamba ndilo linalokula nafasi kubwa. Kuna jambo moja ambalo halisubiri makubaliano, nalo ni betri. Betri za simu zilizovimba zinaweza kushika moto, na zile ndogo za mviringo za saa na rimoti zikimezwa na mtoto huunguza koo lake ndani ya saa chache. Mwambie hilo leo, na ziondolewe leo mahali ambapo watoto wanafika. Nina hakika kwamba baba atalielewa haraka kuliko suala la sebule kupendeza.

Mchangiaji wa tatu

Sisi tumefiwa na baba yetu. Chumba chake kimejaa nguo, vitabu, nyaraka na zana za useremala, na mimi ndiye ninayeishi katika nyumba hiyo. Ndugu zangu wapo mikoa mbalimbali. Je, S tano zinafaa hapa?

Mwanzisha uzi

Pole sana, kaka. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Hapa utaratibu unabadilika, kwa sababu vitu hivyo bado si vyako peke yako. Mirathi ina taratibu zake za kidini na za kisheria, na msimamizi wa mirathi ndiye mwenye mamlaka ya kugawa. Kabla ya hapo kazi yako ni kutunza na kuorodhesha. Anza na nyaraka: hati za kiwanja, vitabu vya benki, mikataba, madeni aliyodai na aliyodaiwa. Usitupe karatasi yoyote, hata inayoonekana ni risiti ya kawaida, mpaka msimamizi ameipitia. Zana zipige picha na uandike idadi, kisha uzipake mafuta kidogo zisishike kutu. Nguo zifue, zikauke, zikunjwe kwenye sanduku lenye majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasiziingilie. Picha na orodha zitume kwa ndugu zako wote kwa wakati mmoja, ili asitokee wa kuhisi ameambiwa wa mwisho.

Siku ya kugawa ikifika, kila mmoja achukue kitu kimoja au viwili atakavyovitumia kwa kweli. Randa ya mzee ikienda kwa mjukuu anayejifunza useremala itakuwa imetunzwa vizuri kuliko ikibaki sandukuni. Na kama kuna ndugu ambaye hayuko tayari kuona nguo zikiondoka, msubirini. Chumba kinaweza kukaa hivyo miezi michache zaidi bila madhara yoyote, ilimradi ni kikavu na panya hawaingii.

Mchangiaji wa nne

Mimi naishi chumba kimoja na mtoto wa darasa la pili. Kitanda, jiko, ndoo za maji na vitabu vyote vimo humo. Nianzie wapi?

Mwanzisha uzi

Anzia uvunguni, dada yangu, kwa kuwa katika chumba kimoja hiyo ndiyo stoo yako kubwa na mara nyingi imejaa vitu visivyoguswa. Ukishasasambua, mnyanyulie kitanda miguu kwa vipande imara vya mbao ili mabegi ya shangazi kaja yaingie na kutoka bila kukwama, kila begi likiwa na aina moja ya vitu na kipande cha karatasi kinachotaja kilichomo. Vilivyo vya msimu vikae nyuma, vya kila wiki vikae mbele.

Jiko liwe upande wenye dirisha au mlango, mbali na pazia na kitanda, na kama unatumia mkaa upikie nje, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoua watu waliolala. Ndoo za maji ziwe na mifuniko inayobana. Ziwekwe pamoja karibu na mlango, zikiwa juu ya kibao kidogo ili sakafu ikauke. Mtoto naye apewe ndoano ya begi na sare kwa kimo chake yeye, pamoja na boksi moja la daftari. Wa darasa la pili anaweza kabisa kurudisha vitu vyake kama mahali pake anapafikia bila kuomba msaada. Daftari za mwaka uliokwisha mkae pamoja mwezi Desemba, achague kurasa anazozipenda mziweke kwenye bahasha yenye jina la darasa, kurasa tupu zichanwe zishonwe kuwa daftari la mazoezi, na zilizobaki muuzieni anayefungia karanga.